Moyo, Wazimu na Dawa Kali: Historia ya Istilahi Tatu Katika Nchi ya Mpanda na Katavi

Utangulizi

Mfasiri wa maandishi ya tiba hubeba dhamana ambayo mfasiri wa hadithi haibebi. Neno likiwa baya katika hadithi, msomaji hukereka kidogo akaendelea kusoma. Likiwa baya katika maelezo ya dawa, mgonjwa aweza kulala na dalili ya hatari na asiamke. Shabaha ya makala haya ni kueleza kwa ufupi historia ya majina ya mambo matatu: ugonjwa wa akili, ugonjwa wa moyo unaoweza kuletwa na dawa ya ugonjwa huo, na ubaya wenyewe ambao dawa hufuatana nao.

Jambo lililotusukuma kuandika ni dawa iitwayo klozapini. Dawa hii hupewa wagonjwa wa skizofrenia ambao dawa nyingine zimeshindwa kuwasaidia, nayo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Lakini kwa wagonjwa wachache dawa hii huuchochota msuli wa moyo, na mara nyingi hutokea hivyo katika majuma manne ya kwanza. Dalili zake ni homa, uchovu, mapigo ya moyo ya haraka, maumivu ya kifua na pumzi kupungua. Ikigunduliwa mapema na dawa ikasimamishwa na tabibu, wengi hupona. Isipogunduliwa, mgonjwa aweza kufa. Basi usalama wa mgonjwa huyo hautegemei tabibu peke yake. Unategemea pia kama mama yake, mkewe au nduguye aliye nyumbani ameelewa aliloambiwa, tena kwa Kiswahili.

Tumeichagua nchi ya Mpanda na Katavi kwa sababu mbili. Kwanza, ni nchi ambamo watu wa lugha nyingi hukutana katika Kiswahili mbele ya dirisha la zahanati. Pili, ni nchi ambayo historia yake ya tiba imekwisha kutufundisha, kabla ya klozapini kujulikana, kwamba dawa yaweza kuponya na kudhuru kwa wakati mmoja.

Nchi na lugha zake

Mkoa wa Katavi ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Rukwa, na makao yake makuu ni Mpanda. Wenyeji wake wa zamani ni Wabende, Wapimbwe, Wakonongo, Warungwa na jirani zao. Jina la mkoa, kama lile la hifadhi ya taifa iliyotangazwa mwaka 1974, linatokana na Katabi, mzimu wa mwindaji ambaye kwa simulizi za wenyeji makao yake ni katika mkwaju karibu na Ziwa Katavi.

Wageni waliingia kwa vipindi. Madini ya risasi yalipochimbwa Mpanda baada ya Vita Kuu ya Pili, ilijengwa reli ya tawi yenye urefu wa kilomita 210 hivi kutoka Kaliua, ikakamilika mwaka 1950. Reli hiyo iliwaleta wafanyakazi wa makabila mbalimbali, na wengi walibaki hata baada ya mgodi kufungwa mwaka 1960. Wakimbizi kutoka Burundi walipewa makazi Katumba mwaka 1973 na Mishamo mwaka 1978, na mwaka 2014 hati za uraia wa Tanzania zilianza kutolewa kwa watu zaidi ya 150,000 wa makazi hayo na ya Ulyankulu mkoani Tabora. Wasukuma nao walifika na ng'ombe wao wakitafuta malisho na mashamba.

Historia hii ina maana kwa mtu wa istilahi. Katika nchi ya namna hii Kiswahili ni lugha ya pili kwa watu wazima wengi, nao hukisikia kwa sikio la lugha ya mama. Mrundi wa Katumba asikiapo neno moyo hulipima kwa neno lake umutima, ambalo nalo hubeba kiungo cha mwili pamoja na utu, nia na ujasiri. Istilahi itakayotegemea ufundi wa lugha wa mtu wa pwani haitafika Mishamo ikiwa nzima.

Wazimu na mizimu

Neno la kwanza katika historia yetu ni wazimu. Mzizi wake ni ule ule wa mzimu na mizimu, na jambo hilo linaeleza mengi. Waliolitumia neno hili tangu zamani hawakuwa wakitaja ugonjwa wa ubongo. Walikuwa wakitaja hali ya mtu aliyeingiliwa. Mwendawazimu alihitaji mganga wa jadi, na mganga alihitaji kujua ni nani aliyekasirika. Katika nchi ambayo jina lake lenyewe ni jina la mzimu, maana hiyo haikuwa ya mbali.

Tiba ya kigeni ilifika mapema pwani ya ziwa. Huko Karema, Adrien Atiman, aliyezaliwa Afrika ya Magharibi, akatekwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na kusomeshwa utabibu katika kisiwa cha Malta, alitibu watu tangu mwishoni mwa miaka ya 1880 hadi alipofariki mwaka 1956. Lakini kwa ugonjwa wa akili hapakuwa na tiba ya karibu. Lutindi, katika milima ya Usambara, ilipokea wagonjwa tangu mwanzo wa karne ya 20, na hospitali ya Mirembe mjini Dodoma ilijengwa katika miaka ya 1920. Mgonjwa wa Mpanda aliyepelekwa Mirembe katika miaka ya 1950 alipita reli ya tawi hadi Kaliua, akaingia Reli ya Kati na kupitia Tabora hadi Dodoma. Safari hiyo ndefu iliacha alama katika lugha: katika sehemu nyingi za Tanzania jina Mirembe lilikuwa jina la ugonjwa wenyewe, kama vile Mathare ilivyokuwa kwa Wakenya na Butabika kwa Waganda. Kumwambia mtu kwamba anafaa kupelekwa Mirembe kulitosha kumwondolea heshima.

Ndiyo sababu watumishi wa afya na wanasheria waliliacha neno wazimu na kushika ugonjwa wa akili, na baadaye afya ya akili. Badiliko hilo lilikuwa la haki. Hata hivyo lilizaa tatizo dogo ambalo halikuonekana mara moja, nasi tutalirudia: liliuweka ugonjwa wote katika akili, na likauacha mwili nje.

Funzo la malale

Kabla ya kufika kwenye klozapini hatuna budi kusimama kwenye malale, ugonjwa ambao misitu ya miombo ya magharibi ya Tanzania imeujua sana. Malale huenezwa na mbung'o, na vimelea vyake hukaa pia katika wanyama wa porini. Kwa hiyo warina asali, wawindaji na wachunga ng'ombe ndio walio karibu na hatari. Aina ya Afrika ya Mashariki, ambayo kimelea chake kilitambuliwa mwaka 1910, huenda kwa haraka. Hukaa katika damu, huweza kuushambulia moyo na kuuchochota, kisha huingia katika ubongo. Hapo mgonjwa hulala mchana na kukesha usiku, hubadilika tabia, huwa mkali, na pengine huona yasiyokuwapo. Asiyejua husema amerukwa na akili. Ugonjwa mmoja, basi, uligusa viungo viwili ambavyo lugha yetu huviwekea mambo yote ya ndani ya mtu: moyo na akili.

Dawa zake ndizo zinazotuhusu zaidi. Mwaka 1906 Robert Koch alianza kuwatibu wagonjwa wa visiwa vya Sese katika Ziwa Victoria kwa Atoxyl, dawa yenye aseniki, na baadhi yao walipofuka. Wajerumani waliweka kambi za malale kandokando ya Ziwa Tanganyika pia. Wakati wa Waingereza, pamoja na kuwahamisha watu wa magharibi ya Tanganyika na kuwakusanya katika vijiji vikubwa, ilitumika tripasamidi, nayo yenye aseniki, nayo yenye kudhuru macho. Mwaka 1949 ikatokea melasoproli. Hii iliokoa maisha ya watu ambao bila yake wangekufa, lakini katika kila wagonjwa 100, watano hadi 10 walipatwa na ugonjwa wa ubongo ulioletwa na dawa yenyewe, na karibu nusu ya hao walifariki. Kwa miongo mingi ndiyo iliyokuwa dawa ya malale ya Afrika ya Mashariki yaliyokwisha kufika katika ubongo, hata Shirika la Afya Duniani lilipopendekeza mwaka 2024 feksinidazoli, ambayo ni vidonge vya kumeza.

Sasa tujiulize: mwananchi aliyechomwa sindano ya namna hiyo aliambiwa nini? Kiswahili cha kawaida kina usemi mmoja ulio tayari kwa jambo hili, nao ni dawa kali. Usemi huu una kasoro kubwa. Ukali wa dawa katika mazungumzo ya watu ni sifa. Dawa kali ndiyo ifanyayo kazi. Dawa isiyo kali ni maji matupu. Mtu aliyeambiwa kwamba dawa ni kali husikia ahadi ya kupona, wala hasikii onyo. Ndivyo neno lilivyoweza kutamkwa kwa nia njema kabisa na mtumishi wa afya, likapokelewa kwa maana iliyo kinyume chake.

Dawa za ugonjwa wa akili, tangu 1952

Dawa ya kwanza ya kisasa ya kutuliza skizofrenia, klorpromazini, ilitengenezwa Ufaransa mwezi Desemba 1950 na mkemia Paul Charpentier. Mwaka 1952 Jean Delay na Pierre Deniker waliitumia kwa wagonjwa wa hospitali ya Sainte-Anne, Paris, nayo ikaenea duniani kwa majina ya biashara kama Largactil. Haloperidoli ilifuata kutoka Ubelgiji mwaka 1958. Dawa hizi zilibadili hali ya hospitali za wagonjwa wa akili kila mahali, kwani wengi waliokuwa wakifungiwa waliweza kurudi kwao. Katika miaka ya 1980 Tanzania, kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani na Denmark, ilijaribu mpango wa kuitoa tiba ya akili katika hospitali kubwa na kuipeleka hadi zahanati, ukianzia mikoa ya Morogoro na Kilimanjaro.

Mgonjwa alipoanza kutibiwa karibu na kwao, maelezo ya dawa nayo yalihama. Yalitoka mikononi mwa wauguzi wa wodi yakaingia mikononi mwa jamaa. Dawa hizo za mwanzo ziliweza kukaza shingo, kutetemesha mikono na kumfanya mtu asitulie mahali pamoja, na ubaya huo ulionekana kwa macho. Jamaa aliyeona shingo ya kijana imepinda alijua kuna jambo, hata kama alimlaumu mchawi.

Klozapini ilikuja na ubaya usioonekana. Ilitengenezwa mjini Bern, Uswisi, mwishoni mwa miaka ya 1950, ikaanza kuuzwa Ulaya mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1975 huko Ufini wagonjwa wanane walikufa baada ya dawa hiyo kuangamiza chembechembe nyeupe za damu yao. Iliondolewa katika nchi nyingi. Ilirudi baada ya uchunguzi uliotangazwa Marekani mwaka 1988, ulioonyesha kwamba kati ya wagonjwa ambao dawa nyingine ziliwashinda, asilimia 30 walipata nafuu kwa klozapini, na asilimia 4 tu kwa klorpromazini. Safari hii ilirudi na sharti la kupima damu mara kwa mara.

Macho yote yakawa kwenye damu. Mwaka 1999 jarida la The Lancet likachapisha taarifa kutoka Australia: kati ya wagonjwa 8,000 hivi walioanza klozapini tangu Januari 1993 hadi Machi 1999, 15 walipatwa na mchochota wa msuli wa moyo, wote katika majuma matatu ya kwanza, na watano kati yao walifariki. Wengine wanane walipatwa na udhaifu wa msuli wa moyo, na mmoja akafa. Baadaye ilionekana kwamba kuongeza kipimo cha dawa kwa haraka huzidisha hatari, na vivyo hivyo kuitumia pamoja na valproeti, dawa ambayo hutumiwa pia kwa kifafa. Tabibu mwenye maabara hupima damu kutafuta troponini, kemikali itokayo katika msuli wa moyo ulioumia. Asiye na maabara ya namna hiyo ana mkono wa kuhesabu mapigo, kipimajoto na maneno ya mgonjwa.

Maneno ya mgonjwa: moyo

Na hapa ndipo lugha inapoingia. Mgonjwa huyu atasema nini? Atasema moyo unanienda mbio, moyo unawaka, moyo mzito, moyo hautulii. Katika Kiswahili kila moja ya kauli hizi ni kauli ya kiungo cha mwili na vilevile kauli ya huzuni, hofu au wasiwasi. Tunatiana moyo, tunakufa moyo, tunapiga moyo konde, wala hakuna anayefikiria mishipa ya damu. Mtu mwenye akili timamu akisema moyo unamwenda mbio, jirani atasema ana presha, atampeleka akapimwe. Mgonjwa wa akili akisema maneno yale yale, jirani atasema ugonjwa umemrudia, na pengine atamwongezea kidonge.

Hili ndilo tatizo tulilosema tungelirudia. Jina ugonjwa wa akili lilimtoa mgonjwa katika mikono ya mizimu, lakini lilimfanya mtu wa akili tupu. Kila alisemalo kuhusu mwili wake husikilizwa kama dalili ya akili yake. Mfasiri anayeandika kwamba mgonjwa aweza kusikia mabadiliko ya moyo hajamwonya mtu yeyote.

Majina yaliyokwisha jaribiwa

Kwa ugonjwa wenyewe yapo majina kadhaa yanayotumika. La kwanza ni uvimbe wa moyo. Neno uvimbe linafahamika kila mahali, lakini katika zahanati zetu limekwisha shika maana ya kinundu kinachoota, kama uvimbe wa kizazi, na jamaa atauliza lini utapasuliwa.

La pili ni homa ya moyo. Jina hili linafuata mtindo wa Kiswahili wenyewe, kwani watu walikwisha sema homa ya ini, homa ya mapafu na homa ya uti wa mgongo, nayo ni majina mema yaliyojengwa na wananchi bila msaada wa kamati. Lakini homa ikisimama peke yake, kwa watu wengi wa Mpanda, ni malaria. Mgonjwa wa klozapini mwenye homa na uchovu atapewa dawa ya malaria na kuambiwa apumzike, na siku zilizo muhimu zitapita.

La tatu ni moyo mkubwa, au kutanuka kwa moyo. Hili ni jina la hali nyingine, ambayo mara nyingi huja polepole, na lifaa libaki huko.

La nne ni mchochota, kutokana na kitenzi chochota. Ni neno walilolitumia wanaistilahi kwa kiungo kinachowaka na kuuma kwa sababu mwili unapambana ndani yake. Halijulikani sana vijijini, lakini faida yake ni kwamba halijachukuliwa na maana nyingine. Neno geni huulizwa maana yake. Neno lililozoeleka kwa maana isiyo yake haliulizwi.

Kwa ubaya wa dawa, kampeni za uzazi wa mpango na za dawa za UKIMWI zilieneza usemi maudhi madogo madogo. Ulifaa kazi yake, maana uliwazuia watu kuacha dawa kwa sababu ya kichefuchefu. Ukihamishiwa kwenye klozapini bila kufikiri, utawazuia watu kurudi hospitali. Kutokwa na mate na usingizi mwingi ni maudhi. Kuchochotwa kwa moyo si maudhi, tena si madogo.

Mapendekezo

Kwanza, katika maandishi rasmi itumike istilahi mchochota wa msuli wa moyo, na kila inapotajwa mara ya kwanza ifuatwe na maelezo mafupi: msuli wa moyo kuwaka na kudhoofika. Uvimbe wa moyo na homa ya moyo yaepukwe.

Pili, maneno athari, maudhi na madhara yatenganishwe. Athari iwe neno la jumla kwa lolote lifanywalo na dawa, jema au baya. Maudhi yawe yale ambayo mgonjwa aweza kuyavumilia mpaka siku ya kliniki. Madhara yawe yale yanayomtaka arudi siku hiyo hiyo. Yafaa ikumbukwe kwamba mpaka huu si wa jina la dalili bali wa hatua ya kuchukua: kufunga choo huonekana jambo dogo, lakini kwa mwenye kutumia klozapini kumewahi kuua, kwa hiyo mahali pake ni katika madhara.

Tatu, usemi dawa kali usitumike kamwe kama onyo.

Nne, maelezo kwa jamaa yaandikwe kwa vitendo, si kwa majina. Kwa mfano: "Katika majuma manne ya kwanza, mgonjwa wenu akipata homa, akichoka kuliko kawaida yake, moyo ukimpiga mbio hata akiwa amekaa, kifua kikimwuma au pumzi ikimpungukia, msingoje siku ya kliniki. Mleteni leo, na mje na dawa zake zote. Msidhani ni malaria tu, wala msidhani ni ugonjwa wake wa akili. Akisema moyo unamsumbua, mwaminini."

Neno la mwisho katika maelezo hayo, mwaminini, si istilahi, na kamati ya tiba yaweza kuona kuwa halina mahali katika karatasi ya dawa. Sisi twaona ndilo lisilofaa kufutwa. Walimu, wauguzi na watafsiri walioko Mpanda, Inyonga, Karema, Katumba na Mishamo wanaombwa kutuletea maneno ambayo watu wa huko huyatumia kwa mapigo ya moyo ya haraka, kwa Kiswahili na kwa lugha zao, ili maelezo haya yajaribiwe mbele ya watu watakaoyahitaji kabla hayajapigwa chapa.